Neno OK katika magazeti ya 1839: ushahidi wa safu ya Boston una uzito gani?

Jumamosi ya tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post lilichapa kwenye ukurasa wake wa pili majibizano mafupi na gazeti la mji wa Providence, liitwalo Providence Journal. Katikati ya sentensi ndefu iliyojaa utani zimo herufi mbili ndogo zenye nukta, o.k., kisha kistari, kisha maelezo ya maneno mawili: "all correct", yaani kila kitu sawasawa. Hapo ndipo kamusi kuu ya Oxford inapoanzia historia ya neno hili. Neno ambalo leo hutamkwa Kariakoo, Kampala na Muscat bila mtu kujiuliza limetoka wapi limepewa siku, mji, ukurasa, hata mhariri: Charles Gordon Greene.

Ni nadra neno la mtaani kupata tarehe safi namna hiyo, na ndiyo maana ubishi juu yake haujazimika. Upande mmoja unasema gazeti limemaliza kesi: neno lilianzia Boston likiwa kifupisho cha mzaha cha maneno yaliyoandikwa kwa makosa makusudi, "oll korrect". Upande wa pili unasema gazeti linaonyesha tu siku ambayo watu wenye mitambo ya kuchapia walilinasa neno lililokwisha kukaa midomoni mwa watu wasio na mitambo, ama Wachoktaw wa kusini mwa Marekani, ama Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Kwa maoni yangu upande wa kwanza una hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali, lakini uzito huo hautoki kwenye tarehe. Unatoka kwenye yale maneno mawili ya maelezo.

Habari yenyewe inasema nini

Wengi wanaoitaja habari hii hawajaisoma yote, nao hukosa nusu ya ushahidi. Gazeti la Boston lilikuwa limeandika kwamba wajumbe wa chama fulani cha utani cha mjini humo wanakwenda New York kwa chombo kiitwacho Richmond. Gazeti la Providence likadhani wajumbe hao watapita mjini kwake, likaandika hivyo. Post ikajibu: sisi hatukusema neno lolote kuhusu kupita Providence. Tulisema ndugu zetu wanakwenda New York kwa Richmond, nao wamekwenda, kama ilivyo katika Post ya Alhamisi. Halafu inaongeza kwamba mwenyekiti wa kamati ya chama hicho, akiamua kurudi Boston kwa njia ya Providence, basi mhariri wa Journal na kikosi chake watakuwa na sanduku lao la michango na mengineyo, o.k., kila kitu sawasawa, na vizibo vya chupa vitaruka juu kama cheche.

Angalia mambo matatu hapo. La kwanza, ni mazungumzo ya wahariri wawili wanaofahamiana, yanayosomwa na wateja waliozoea kuwaona wakitaniana. Sauti ya maandishi haya iko karibu na ya kijiweni kuliko ya ofisini. La pili, maelezo "all correct" yameandikwa kwa tahajia sahihi. Msomaji alitakiwa kuona mwenyewe kwamba neno la kwanza halianzi na O wala la pili halianzi na K, na humo ndimo utani ulimokuwa. Mwandishi asingethubutu kuacha kazi hiyo kwa msomaji kama msomaji hajui kwamba siku hizo vifupisho vilikuwa vikichezewa tahajia. La tatu, pamoja na kujua mchezo wenyewe, msomaji bado alihitaji kusaidiwa na kifupisho hiki hasa. Kingekuwa kimezoeleka mjini, kistari na maelezo vingekuwa kazi bure.

Mchezo huo ulikuwapo kweli. Tangu mwaka 1838 magazeti ya Boston yalijaa vifupisho vya aina hiyo. O.F.M. ilikuwa "our first men", yaani wakubwa wetu wa mji. N.G. ilikuwa "no go", mambo hayaendi. G.T. ilimsema mtu aliyekimbilia Texas. Vingine vilipindishwa tahajia: K.Y. ilisimamia "know yuse" badala ya "no use", na O.W. ilisimamia "oll wright" badala ya "all right". Ukiiweka O.K. kando ya O.W. unaona ni pacha wake: maana ile ile, O ile ile, kosa lile lile la makusudi mwanzoni mwa neno. Hakuna haja ya kutafuta chanzo cha mbali ili kueleza umbo lake.

Aliyeiweka picha hii pamoja ni Allen Walker Read, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyefariki mwaka 2002. Mwenendo wa utafiti wake unafaa kukumbukwa na kila anayetaka kutangaza asili ya neno lolote. Mwaka 1941 alichapisha makala iliyoelekeza asili ya OK kwenye uchaguzi wa rais wa 1840. Rais aliyekuwa madarakani, Martin Van Buren, alizaliwa Kinderhook, jimbo la New York, wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook na kuunda kilabu walichokiita O.K. Club. Ushahidi wa magazeti ya 1840 ulikuwa mwingi na wazi. Kisha, katika mfululizo wa makala kwenye jarida la American Speech mwaka 1963 na 1964, Read huyohuyo akaonyesha kwamba kampeni ilikuta kifupisho kikiwa tayari kinatumika, ikakipa maana ya pili na kukisambaza. Jibu la 1941 lilikuwa na tarehe, gazeti na ukurasa vilevile, na bado halikuwa mwanzo.

Uchaguzi huo ndio pia unaoeleza kwa nini O.K. iliishi na O.W. ikafa. Wafuasi wa Van Buren waliipigia kelele mitaani. Wapinzani nao waliigeuza kuwa kejeli, wakieneza hadithi kwamba rais aliyemtangulia, Andrew Jackson, hakujua tahajia na ndiye aliyekuwa akiandika O.K. kwenye karatasi zake akidhani anaandika "all correct". Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, lakini herufi mbili zikawa zimeshapita mikononi mwa kambi zote mbili. Baadaye waendesha telegrafu walizikuta fupi na rahisi kwa kuthibitisha kwamba ujumbe umefika.

Hoja za wanaoyashuku magazeti

Hoja yao ya kwanza ni ya haki na haina jibu jepesi: gazeti la 1839 ni sauti ya wenye gazeti. Wahariri, wachapaji na wanunuzi walikuwa kwa sehemu kubwa wanaume Wazungu wa mjini. South Carolina ilikataza kuwafundisha watumwa kuandika tangu 1740, na North Carolina mwaka 1830 ikakataza kuwafundisha kusoma na kuandika. Jamii iliyonyimwa kalamu kwa sheria haiwezi kulaumiwa kwa kutoacha maandishi. Kusema "halimo magazetini kabla ya 1839, kwa hiyo halikuwapo" ni kuifanya sheria hiyo iwe shahidi wa upande mmoja.

Hoja ya pili inaleta mifano. Mwaka 1969 mwanaisimu wa London, David Dalby, alipendekeza kwamba chanzo ni Kiwolofu, ambamo "waw kay" ni itikio la kukubali kwa mkazo, pamoja na maneno yanayofanana nayo katika lugha nyingine za Afrika Magharibi. Upande huu unaonyesha pia kitabu cha safari cha J. F. D. Smyth kilichochapwa 1784, ambamo mtumwa mmoja anaandikwa akianza jibu lake kwa "Kay, massa". Kwa upande wa Wachoktaw, hoja ilitolewa na William S. Wyman mwaka 1885: lugha yao ina chembe "okeh", yenye maana ya kwamba ndivyo ilivyo, na wamisionari Cyrus Byington na Alfred Wright waliitumia katika maandiko yao ya Kichoktaw kabla ya 1839. Kamusi kadhaa za Marekani ziliikubali asili hiyo kabla ya makala za Read kusambaa, na Rais Woodrow Wilson aliandika "okeh" kwenye karatasi zake kwa kuiamini.

Hoja ya tatu ni ya wataalamu wa hifadhi. Magazeti ya Boston na New York yalihifadhiwa vizuri kuliko ya miji ya mpakani na ya kusini. Tunaposema neno "lilianza" Boston, huenda tunasema tu kwamba Boston ilikuwa na maktaba nzuri.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu ya kuipa hoja hii nafasi. Magazeti ya kwanza ya lugha yetu, kama Msimulizi lililoanza 1888 shuleni Kiungani, Zanzibar, au Mambo Leo la Dar es Salaam lililoanza 1923, yalitoka mikononi mwa misheni na serikali, yakaandikwa kwa lugha iliyochujwa. Maneno ya bandarini na ya sokoni yaliingia humo yakiwa yamechelewa, kama yaliingia. Mtafiti anayetafuta siku neno "matatu" lilipoanza kumaanisha gari la abiria, akisoma magazeti peke yake, atapata siku ambayo mhariri aliacha kuliona la kihuni. Abiria walikuwa wakilitamka muda mrefu nyuma.

Jinsi ushahidi unavyokaguliwa, na mahali unapoharibika

Kabla ya kuchagua upande inafaa kujua kazi hii inavyofanyika, kwa sababu makosa mengi yanayovuma mtandaoni hutokea hapa. Siku hizi mtu hafunui majarida makubwa kama alivyofanya Read. Anaingia kwenye hifadhi kama Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani, British Newspaper Archive iliyofunguliwa 2011, au Trove ya Australia, anaandika neno, anapata orodha. Kile kinachotafutwa si ukurasa wenyewe. Ni maandishi ambayo programu imeyasoma kutoka kwenye picha ya ukurasa, na picha hiyo mara nyingi imepigwa kutoka kwenye maikrofilamu ya miaka mingi iliyopita.

Fanya hesabu. Programu ikisoma kila alama kwa usahihi wa asilimia 95, alama nne za "O.K." zitatoka sahihi zote pamoja kwa takriban asilimia 81 ya mara. Usahihi ukishuka hadi asilimia 90, jambo la kawaida kwenye wino uliosambaa na herufi ndogo za safu za zamani, unabaki na takriban asilimia 66. Theluthi moja ya mifano halisi haitaonekana kabisa. Ukitafuta "oll korrect", lenye herufi kumi, usahihi wa asilimia 95 kwa kila herufi unakupa takriban 60 tu katika kila mifano 100. Neno refu halina matokeo mengi ya uongo lakini linapotea zaidi. Neno fupi linapotea kidogo, ila linakuletea takataka nyingi. Hakuna njia ya mkato hapo, inabidi utafute kwa namna zote mbili.

Takataka zenyewe ni za aina zinazojulikana. Kuna herufi za mwanzo za majina ya watu. Kuna "O. R." na "OF" zilizosomwa vibaya. Kuna mahali ambapo nafasi kati ya "O." na "K." imeifanya programu ione maneno mawili ya herufi moja moja, na mitambo mingine ya utafutaji huyapuuza. Katika magazeti ya kabla ya 1800 kuna pia ile S ndefu inayofanana na F, ambayo huwafanya watu waone "beft" badala ya "best". Gazeti la The Times la London liliiacha mwaka 1803, kwa hiyo kwa 1839 haisumbui, lakini inamsumbua sana anayejaribu kurudi nyuma hadi karne ya 18.

Kwa hiyo utaratibu unaostahili kuaminiwa ni huu. Kwanza funga tarehe, tuseme 1835 hadi 1842, utafute "o.k.", "o. k.", "ok", "oll korrect", "all correct" na tahajia nyingine za mzaha. Pili, usiandike chochote mpaka ufungue picha ya ukurasa na kuiona herufi kwa macho. Linganisha K hiyo na K nyingine na R nyingine za safu hiyohiyo, kwa sababu mitambo iliyochakaa ilivunja mguu wa herufi. Tatu, hakiki tarehe kwa kichwa cha gazeti chenyewe. Maelezo ya hifadhi yanaweza kukosewa, hasa pale majuzuu yalipofungwa pamoja vibaya. Habari ya Boston inapita mtihani huu hata kwa ndani: 23 Machi 1839 ilikuwa Jumamosi, na habari inataja "Post ya Alhamisi", toleo la siku mbili nyuma. Nne, soma safu nzima, juu na chini ya neno. Tano, tafuta kama habari ni ya gazeti hilo au imenakiliwa.

Hatua hii ya tano ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayopotosha takwimu. Sheria ya posta ya 1792 ilimruhusu kila mchapaji wa gazeti kumtumia kila mchapaji mwenzake nchini nakala moja bila malipo. Wahariri walikata habari za wenzao kwa mkasi na kuzichapa upya, na hiyo ilikuwa kazi halali ya kila siku. Utani mmoja wa Boston ungeweza kutokea katika magazeti mengi ndani ya wiki chache. Mtu anayehesabu matokeo ya utafutaji ataandika kwamba neno lilikuwa limeenea majimbo kadhaa, wakati ukweli ni kwamba sentensi moja ndiyo iliyosafiri. Mashahidi 20 walionakili kwa shahidi mmoja ni shahidi mmoja. Lakini mfumo huohuo unawasaidia wanaotetea gazeti: unaeleza kwa njia inayoonekana jinsi mzaha wa mji mmoja ulivyoweza kufika mbali kabla ya telegrafu, bila kulazimika kudhani kwamba neno lilikuwa limeshaenea kwa midomo.

Mfano mbaya kuliko wote wa kuruka hatua ni ule wa Tennessee. Kumbukumbu ya mahakama ya Sumner County ya mwaka 1790 inasema Andrew Jackson alithibitisha hati ya mauzo kutoka kwa Hugh McGary kwenda kwa Gasper Mansker, ya mtu mweusi mmoja, "which was O.K." Iliponukuliwa katika historia ya eneo hilo mwaka 1859, ilionekana kama ushahidi wa kuipita Boston kwa nusu karne, tena ikimhusisha yuleyule Jackson wa hadithi za 1840. Waliorudi kwenye mwandiko wenyewe waliona herufi ya pili ni R. "O.R." ni "ordered recorded", yaani iagizwe kuandikwa kwenye daftari, fomula ambayo makarani wa mahakama waliitumia kwenye kila hati iliyothibitishwa. Mwandiko wa kalamu ya manyoya hutofautisha K na R kwa mkunjo mdogo sana, na aliyenukuu mwaka 1859 alikuwa na neno la siku zake kichwani. Jina la mtu aliyeuzwa halimo kwenye sentensi hiyo. Kwa zaidi ya karne moja watu wamebishana juu ya herufi mbili za mwisho wa hati inayomhusu yeye, na hilo linaonyesha hoja ya wanaoyashuku maandishi kwa uzito kuliko mfano wowote wanaouleta wenyewe.

Shajara ya William Richardson ya 1815, ya safari kutoka Boston hadi New Orleans, nayo huletwa mara kwa mara. Humo "ok" inaonekana mahali penye masahihisho, katikati ya maelezo ya kupita Princeton na kufika Trenton, na haikai vizuri na maneno yaliyoitangulia wala yanayofuata. Mfano unaohitaji kusukumwa ili ulete maana haufai kubeba mzigo wa kuwa wa kwanza.

Nani ana hoja nzito

Nikiweka pande zote mbili mezani, naona wapinzani wamethibitisha jambo moja na kushindwa jingine. Wamethibitisha kwamba magazeti hayana haki ya kusema nani hakulitamka neno. Wameshindwa kuonyesha mnyororo. "Kay" ya 1784 ni neno la kuanzia sentensi kwa mshangao au mkazo. OK ya 1839 ni sifa inayokaa mwishoni, ikisema kitu kiko sawa. Kutoka moja kwenda nyingine kunahitaji mifano ya katikati, na hiyo haijaletwa. "Okeh" ya Kichoktaw ina maana inayokaribia zaidi, na wafanyabiashara Wazungu walikuwa karibu na Wachoktaw, kwa hiyo njia ya kupitia ilikuwapo. Lakini kama ndiyo iliyopita, tungelitarajia neno lijitokeze kwanza kusini, bila maelezo, likiandikwa kwa sauti kama "okeh" au "oka". Badala yake tunaliona Boston, likiwa na nukta mbili, likifuatwa na maelezo, ndani ya kundi la vifupisho pacha.

Hapa ndipo yale maelezo ya maneno mawili yanapobeba kazi ambayo tarehe haiwezi. Tarehe inaweza kupitwa kesho na ukurasa mmoja uliokuwa haujapigwa picha, kama ya 1840 ilivyopitwa. Maelezo yanasema kitu kuhusu hali ya neno siku hiyo: mwandishi aliliona jipya kwa wasomaji wake, alijua limetoka wapi, na wasomaji walikubali. Katika mifano iliyofuata, maelezo hayo mara yapo na mara hayapo, na mwishowe yanatoweka. Tunaliona neno likipita kutoka ugeni hadi mazoea mbele ya macho yetu. Neno lililokopwa kutoka midomoni mwa watu wengine lingeweza kupewa maelezo ya uongo na watani wa Boston, hilo linawezekana. Ila anayedai hivyo amechukua jukumu la kuonyesha neno hilo likiishi Boston, au mahali ambapo watu wa Boston walifika, kabla ya watani kulikuta.

Kuna anayependa jibu la kati: kwamba kifupisho kilizaliwa Boston, lakini kilishika haraka kwa sababu masikio ya kusini yalikuwa yamezoea sauti kama hiyo. Siipingi. Naona tu kwamba magazeti hayawezi kuithibitisha wala kuikanusha, na mwandishi wa kamusi hawezi kuiandika kama asili. Anachoweza kuandika kwa uaminifu ni "imeonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi", na afute neno "ilizaliwa" popote linapojipenyeza.

Wengine wamependekeza tukaangalie magazeti ya Waafrika na ya wenyeji wenyewe, na yapo: Freedom's Journal lilianza New York tarehe 16 Machi 1827, na Cherokee Phoenix la taifa la Wacherokee lilianza New Echota, Georgia, tarehe 21 Februari 1828 likihaririwa na Elias Boudinot. Yanafaa kusomwa kwa mambo mengi, lakini kwa swali hili sitegemei mengi. Wahariri hao waliandika Kiingereza safi kwa makusudi, wakijua kila kosa la tahajia lingetumiwa dhidi ya watu wao. Mzaha wa kuandika vibaya ulikuwa anasa ya watu ambao hakuna aliyetilia shaka elimu yao. Ukimya wa kurasa hizo hauongezi kitu kwenye mzani wa upande wowote.

Pa kutafuta ni kwingine: madaftari ya maduka yaliyofanya biashara na Wachoktaw, barua za wamisionari walioandika mazungumzo kama walivyoyasikia, ushahidi wa mahakamani wa kusini ulioandikwa neno kwa neno, na kumbukumbu za mizigo za vyombo vya mtoni. Mfano mmoja wa kabla ya Machi 1839 ungetosha kufungua kesi upya, mradi K yake ilinganishwe na K nyingine za mwandiko uleule, sentensi ikae vizuri bila kusukumwa, na aliyeandika asiwe ameona haja ya kumweleza msomaji wake maana yake.